Kengele ya Ijumaa ya Umm Rakan

Naweka dau sahani yangu ya wali: hamtaniamini nikisema kuna mtu alijenga kuta ndani ya waya mmoja, bila tofali hata moja. Dirgham alizijenga, hapa hapa Irbid, na shule aliiachia darasa la nane. Wenye digrii mtulie.

Mama yake, Umm Rakan, anakaa ghorofa ya chini. Juu yake wanawe: Rakan, kisha Sufyan, na Dirgham, kapera, yuko kule darini na njiwa wake. Intaneti ilikuwa moja kwa nyumba nzima, kutoka kisanduku kimoja chini ya ngazi. Kaka hao wawili walipogombania mizeituni ya marehemu baba yao, Rakan akapanda darini.

"Nitenge na yule Sufyan. Sitaki aone hata kamera ya mlangoni kwangu."

Kesho yake Sufyan akaja na maneno yaleyale.

Dirgham akainamia kompyuta kutwa nzima. Kisanduku kilekile, waya uleule, ila akatoa mitandao mitatu isiyoonana: wa Rakan, wa Sufyan, na wake na mama. Kila mmoja kama uko peke yake duniani. Alitamba mtaa mzima, na mimi nikamsaidia kutamba.

Ijumaa ikafika. Umm Rakan akipakua makluba, ule wali wa nyama wa kupinduliwa siniani, hubonyeza kengele kando ya jiko, na simu za wanawe zote hulia. Hubonyeza mara moja tu. Asiyekuja, kachagua mwenyewe. Akashuka Dirgham peke yake. Sinia la watu kumi na mmoja, wakala wawili.

"Kula, mwanangu," mama akasema, macho mlangoni.

Ijumaa saba zikaenda hivyo, vijiko viwili tu vikigonga sinia. Dirgham akawachukia kaka zake, hata salamu akakata.

Ya nane, Rakan akamzuia kwenye ngazi. "We mfuga njiwa! Siku hizi Mama anakupikia wewe tu? Harufu inapanda mpaka kwangu, watoto wananiuliza tumemkosea nini bibi."

"Si anawaita? Nyie mnajifanya viziwi."

"Anatuita lini? Kengele haijalia tangu ulete huo ufundi wako."

Dirgham akachuchumaa chini ya ngazi, akafungua kompyuta, akatazama muda mrefu. Kisha akaingia jikoni.

"Mama, kengele niliiacha kwenye mtandao wetu peke yake, haiwafikii wao. Nilikosea."