Bakuli Lililorudi Limejaa

Siku yangu ya kwanza kazini, hospitali ya Arua, Sista Mkuu hakunionyesha sindano wala dawa. Alinipeleka kwenye meza ya vyombo, pale jamaa za wagonjwa walipoacha chakula asubuhi, akasema, "Amina, uuguzi unaanzia hapa." Bakuli likirudi tupu, mgonjwa anapona. Likirudi nusu, mwangalie kwa makini. Likirudi limejaa, na kawa la kulifunikia halijafunuliwa, jamaa walijua mtu wao amekata roho, wakaanza kulia kabla hatujafungua kinywa. Ndivyo ilivyokuwa wodini kwetu, wilaya nzima ilijua, na mimi nililijua hilo kama jina langu.

Baadaye nilihamishiwa zahanati ya Koboko, nikajifunza kufunga vidonda na kugombana na wanajeshi waliokataa sindano. Niliporudi Arua nilikuwa nesi kamili, na mkali. Wenzangu waliniita Bi Chokaa, kwa sababu palipokuwa na choo au mtaro, mimi nilishamwaga chokaa. Jina hilo nililipenda, siwafichi.

Kipindupindu kilipoingia wilayani, wanafunzi wawili wa chuo kimoja cha ualimu, upande wa Ayivu, waliletwa hospitali wakiwa wamekauka kwa kuharisha. Tuliwatundikia maji ya mshipani, wakapona. Waliobaki chuoni wakawekwa karantini, yaani hakuna wa kutoka wala wa kuingia. Daktari wa Wilaya aliniita ofisini.

"Nesi, ugonjwa huu usipite lango la chuo. Ukipita, nitakuuliza wewe."

"Hautapita, Daktari."

Na haukupita. Kila mwanafunzi nilimpa sahani yake na kikombe chake, nikakataza kukaa vikundi. Kila asubuhi niliwapima joto na kuandika kwenye chati, karatasi inayoonyesha hali ya kila mmoja. Nilikuwa nimeridhika kabisa, mpaka nilipoanza kuona naandika maneno yale yale: hana homa, hajala. Msichana mmoja alilia juu ya kitabu bila kugeuza ukurasa. Wengine walikuwa hawalali. Yusufu wa Koboko, ambaye siku za kwanza alichekesha bweni zima, sasa alilala ameelekea ukutani.

"Yusufu, kuna nini?"

"Hakuna kitu, Sista. Mimi iko sawa tu."

Uji wake ulikuwa umeganda pembeni. Sisi tulifundishwa vidonda na homa. Ugonjwa wa mawazo hatukufundishwa. Nilimpa vidonge vya vitamini, nikaona aibu kumpa. Niliogopa kwamba kijana huyu ataacha kula kabisa, au atajidhuru, nami nitakuwa nimemlinda na kipindupindu ili afe kwa upweke.

Siku moja mchana, nikiwa nachanganya dawa ya kunawia mikono, askari wa lango akaja kusema kuna mama ameshuka kwenye lori la Koboko na chakula cha Yusufu. Chakula cha nje kilikuwa marufuku.

"Rudisha," nilisema, bila hata kuinua kichwa.

Askari akarudisha bakuli vile vile lilivyokuja, kawa juu, bila neno. Nikasikia ukemi wa kilio langoni. Hapo ndipo ile meza ya vyombo iliponirudia, nikaangusha ndoo, nikakimbia.

Mama alikuwa amekaa chini nje ya ua, kitambaa kimemtoka kichwani. "Nyinyi naficha mimi! Mtoto yangu amekufa, nyinyi naficha mimi!"

Kabla sijamfikia, Yusufu alitoka bwenini mbio, yeye ambaye siku nne hakuwa ameinuka ila kwenda chooni. "Mama! Mimi iko! Mimi iko hapa!"

Nilimkinga kwa mikono miwili asiruke ua. Halafu nikafanya kitu ambacho sikukiombea ruhusa. Nilichukua chokaa yangu, nikachora mstari ndani ya ua na mwingine nje, hatua kumi kati yao, nikawaambia kila mtu asimame kwake.

"Umekula?" mama aliuliza.

"Bado."

"Kula. Mimi naona."

Nilimletea maharage ya chuo. Akala amesimama, machozi yakimtiririka, na mama yake akafunua bakuli, akala kisira yake, ule mkate mwembamba wa mtama, kule upande wa pili, wakitazamana. Nililia pia, mbele ya askari.

Siku iliyofuata wanafunzi wote walitaka mstari. Jamaa walikuja kwa miguu na kwa baiskeli, kila mmoja akaita jina la mtoto wake, naye akaitika. Daktari wa Wilaya alitukuta katikati ya kelele hizo.

"Nani alikupa ruhusa?"

"Hakuna, Daktari. Na kosa la kwanza ni langu." Nikamweleza habari ya bakuli, nikampa chati.

Alisoma: amekula, amekula, amelala. "Chokaa imefifia pale mwisho," akasema. "Ongeza."

Karantini ilipoisha hakuna mwingine aliyekuwa ameugua. Kisha vita vya sabini na tisa vikatutawanya, wengine Kongo, wengine Sudani, na habari za Yusufu zikanipotea. Nilirudi, nikafanya kazi mpaka nikastaafu, na sasa niko mtaa wa Oli, hapa Arua, na kuku wangu. Sijutii kazi hii. Kama kuna nesi kijana anayesoma haya, chati yako isiishie kwenye joto la mwili.

Mwaka jana mtu alisimama nje ya ua wangu. Hakubisha hodi.

"Sista! Mimi iko!"

Mvi zilikuwa zimemjaa kichwani. Mkononi alikuwa na bakuli la marehemu mama yake, kawa juu, kisira ndani. Tulikula tukakomba. Nikaliosha kwa mkono wangu, nikamrudishia tupu.