Sekunde Sita za Rehema Abibu

Rehema Abibu wa komini ya Kenya, mtaa wa mji wetu na si ile nchi, binti wa fundi cherehani mwenye asili ya Maniema, hakuwahi kumsamehe mtu bure. Simlaumu. Kitu cha bure hakuna anayekitunza.

Ndiye aliyeandika programu ya kompyuta ya ofisi ya wenye malori. Mbele kulikuwa na dirisha lenye orodha ya magari. Nyuma yake, pasipo kuonekana, kazi nyingine ilizunguka muda wote ikipokea ujumbe wa madereva na kuuandika kwenye diski. Ukibonyeza "Funga", dirisha lilipeleka neno huko nyuma: maliza ulichoshika, kisha simama. Halafu lilingoja mpaka kazi iishe ndipo nalo lifunge. Sekunde sita.

Godefroid, mkuu wa kompyuta, mtu wa diploma, alifuta jina la Rehema akaweka lake, akamtoa ofisini. Sekunde sita nazo zikamkera. Mbele ya mapatroni, hao wenye malori, programu ilionekana nzito. Akafuta kule kungoja.

Ukaja mwaka wa mashariki ya nchi kuanguka mikononi mwa waasi. Hata huku kwetu barabara zilijaa watu wenye silaha wasiojulikana ni wa nani. Jumatano moja mchana, dereva Emery aliandika akiwa njiani, kule Kasomeno: "Malori yanakamatwa. Musilete ingine." Ujumbe uliingia. Papo hapo Godefroid akafunga dirisha aende kula, na kazi ya nyuma ikakatika kabla haijaandika neno. Malori mawili ya Papa Kasereka, mmoja wa mapatroni, yakaondoka. Hayakurudi.

Emery alirudi kwa miguu, simu yake ikionyesha kwamba ujumbe ulipokelewa. Hapo ndipo Godefroid akalikumbuka jina alilolifuta.

"Programu iko ya Rehema," akamwambia Kasereka. "Ule mwanamuke njo aliharibisha."

Rehema akaitwa. Alikuja na nakala yake ya zamani, akaifungua kando ya ile ya ofisi, wote wakitazama.

"Ingénieur, hii mistari mine iko wapi kwako?"

"Ilikuwa inachelewesha..."

"Inachelewesha nani? Tumbo yako?"

Emery alicheka peke yake. Kasereka alikuna kichwa. "Binti yangu, rudisha ile mistari. Na huyu umusamehe, iko na batoto."

"Hata miye niko mutoto wa muntu, papa."

Akatoa masharti, na hakupunguza hata moja. Programu irudi mikononi mwake. Wakati wa kungoja, dirisha liandike kwa herufi kubwa: INANGOJA KAZI IISHE. IMEANDIKWA NA REHEMA ABIBU. Na Godefroid asifukuzwe. Abaki, alifunge dirisha yeye mwenyewe kila jioni, madereva wakiwa nyuma yake wanahesabu kwa sauti mpaka sita.

Alivumilia siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili hakuja, alituma barua ya daktari kwamba ni mgonjwa.

Rehema aliisoma, akaikunja, akamtuma Emery kwa pikipiki mpaka Hewa Bora, mtaa anakokaa Godefroid, amlete aje afunge.