Spika za darini na masikio ya baba

Jamani, leo fundi kamwambia baba yangu hasikii, ndani ya nyumba yangu mwenyewe!

Baba yupo kwangu hapa Makambako, juzi tu katoka hospitali ya Ikonda kutibiwa masikio. Nikaita fundi aongeze spika mbili za darini kwenye homthieta ya TV, ili mzee afaidi mpira.

Fundi akamaliza, akawasha. Zile za zamani, za chini, zikalia.

Baba akatazama juu. "Mbona huku kimya?"

Fundi akamjibu, "Zinalia, mzee. Ni masikio yako tu."

Baba akainamisha kichwa. "Basi, mwanangu, hayajapona."

Nikapanda juu ya meza, nikatega sikio. Kimya! Nikachomoa spika moja. Nyuma hakuna waya hata mmoja!

Namuuliza fundi, ananijibu eti, "Dada, waya uliniishia. Nilijua hamtagundua."

Hamtagundua? Na mzee wa watu kakaa pale anaamini kaharibika moja kwa moja!

Nimemwambia amwombe baba radhi kabla hajagusa bisibisi. Kaomba, macho chini.

Baba hata hakumsikiliza. Alikuwa anacheka peke yake: "Kumbe nasikia!"

Mimi hasira bado hazijaniisha. Nyie mngemfanyaje?