Mahindi ya Juu ya Mafiga

Saa moja kasorobo asubuhi nilifunua kitambaa kilicholowa ambamo nilikuwa nimelaza punje za mahindi siku tano kabla. Hakuna hata moja iliyoota. Masika yalikuwa yamekaribia, na hiyo ndiyo mbegu tuliyokuwa nayo: mahindi meupe ya ukoo wa mama, aliyoshuka nayo kutoka milimani tulipohamia kijiji cha ujamaa upande wa Chanzuru. Sokoni Kilosa hayakuuzwa. Yakifa, yamekwisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wagonjwa wako wameamkaje?"

"Hawajaamka."

"Umewaozesha kwa maji. Mahindi yangu hayana tundu hata moja la fukusi. Moshi umeyalinda."

Kuhusu fukusi alisema kweli. Aliyafunga mahindi kwa maganda yake, akayatundika kwenye boriti juu ya mafiga, kama mama yake alivyofanya.

Nilichukua wembe, nikapasua punje kwa urefu. Nilikuwa nimepasua nyingi tangu ujana, kwa hiyo nilijua cha kutafuta. Ubavuni mwa punje kuna kiini, na ndani yake mmea umekwisha kukunjwa: chini, mzizi mchanga katika ala yake; juu, chipukizi, majani ya kwanza yakiwa yamejiviringisha kuzunguka ncha itakayozaa shina. Unga uliobaki ni chakula cha njiani tu. Mzizi hutoka kwanza, ukashika udongo, ndipo chipukizi hupanda kutafuta mwanga. Muwa wa mashamba ya Ruhembe una jicho kwenye kila kifundo; likifa moja, lingine huchipua. Punje ya hindi ina kiini kimoja.

Kiini kizima huwa cheupe kama maziwa. Hiki kilikuwa cha kahawia, kigumu, kama kilichokaangwa.

"Hii si kazi ya maji, mama. Ni moto."

"Moto ule ule wa miaka yote?"

Uji wake ulikuwa jikoni, moto unawaka. Niliweka kiganja kwenye boriti, katikati ya mahindi, nikakiondoa upesi. Kule milimani boriti za jiko nilizifikia kwa kupanda kigoda. Huku nyumba zote zilijengwa kwa kipimo kimoja, na boriti ziligusa kofia yangu.

Mama aliinuka, akaweka kiganja chake pale pale. Alivumilia kunishinda.

"Moto ni ule ule," akasema. "Paa ndilo limeshuka."

Mke wangu alikuwa ametundika mahindi machache ukutani karibu na mlango, kwa kukosa nafasi juu ya mafiga. Tangu mavuno hayo, ya kwanza tangu tuhamie huku, mama alikuwa akimtania kwamba amewapangishia fukusi nyumba.

"Haya, mkwe," mama akasema, "tuwaone wapangaji wako."

Tuliyapukuchua, tukatenga yaliyotobolewa, na mazima nikayalaza kwenye kitambaa kile kile, kwa maji yale yale ya kisima. Baada ya siku chache kila punje ilikuwa imetoa mzizi mweupe unaoelekea chini.

Yalitosha shamba letu, bila ziada. Nilijenga uchaga mpya mbali na mafiga, mahali ambapo moshi ulifika lakini joto halikufika. Mama alipima mwenyewe kwa kiganja. Yale yaliyokufa tuliyala makande. Kama tungeyapanda, tungelazimika kurudia shamba zima kwa mbegu ya kununua, na bei nilikuwa nimekwisha kuiulizia sokoni. Tuliokoa mbegu ya mama, na shilingi kumi na nane.