Mtani Aliyefika Kabla ya Mtani

Msiniangalie hivyo. Najua mzee akianza habari za wafu mnavyokonyezana. Mimi si mlevi, na wakati ule sikuwa mlevi, na kama ningetaka kuwatungia uongo ningetunga unaonipendeza zaidi kuliko huu. Jambo hili lilinipata mchana, hapa hapa Morogoro, enzi za Mdachi, reli ilipokuwa imefika na watu bado wanakimbilia kuitazama.

Kwanza mjue mtaa wenyewe. Njia ya kwenda Bigwa, chini ya mlima, kando ya kijito, palikuwa na nyumba za mafundi na watu wa ngoma. Palikuwa na wafinyanzi, wasuka mikeka, mpiga zeze asiyeamka kabla ya adhuhuri, na waimbaji wawili waliotukanana kwa nyimbo mpaka chanzo cha ugomvi kikasahaulika. Watu wa mjini walituita wavivu. Akida alituita majina mengine ambayo siyasemi mbele ya watoto. Lakini harusi ikija, au mwali akitolewa nje, wote hao walikuja kwetu na adabu zao.

Nilizaliwa humo, ila miguu yangu ilipenda stesheni. Nilikuwa na Kidachi cha kuombea maji na cha kuonyeshea njia, kwa hiyo Mzungu aliyeshuka garini akitaka kuwaona watu wa ngoma, mimi ndiye niliyemtembeza. Hapa anakaa fulani, pale ngozi zinakauka, huo udongo usiukanyage, bibi atakulaani. Kazi tamu, jamani, kuwasifia wageni kwenu.

Mchonga ngoma mkubwa wa mtaa alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Mjomba akifa, jina lake humwangukia mpwa, na jina likikuangukia, kazi na banda vinakuja nalo. Mpwa wa kiume nilikuwa mimi peke yangu. Basi mjomba akafa ghafla, ameacha gogo la ngoma kubwa limechimbwa nusu, na mtaa mzima ukanigeukia mimi. Mimi nikageukia reli. Mdachi mmoja, mchoraji wa picha, alikuwa amenitaka nifuatane naye mpaka pwani na kwingineko niwe mkalimani wake. Nikilipokea jina, safari basi, maana mrithi haachi banda likaota nyasi. Nisipolipokea, jina la mjomba linazikwa naye. Nilimpenda sana mjomba wangu. Na bahari nilitaka kuiona. Mtu unafanyaje hapo?

Siku ninayoisimulia, matanga yalikuwa yaondolewe kesho yake, na ndipo ukoo ungeniuliza mbele ya watu. Gari la moshi la Mdachi lilikuwa linaondoka asubuhi ya kesho hiyo hiyo. Mdachi akasema anataka kuuona mtaa kabla hajaenda, nikampeleka alasiri, ukungu ukiwa unateremka kutoka mlimani na kuingia mpaka vibarazani.

Masikini, alikuta mtaa umenyamaza. Msiba wa fundi ukiwapo, mtaa mzima unaweka kazi chini mpaka matanga yaishe. Hapigi mtu zeze, hagongi mtu tezo ya kuchongea. Ndio mwiko wetu. Nilimwonyesha vyungu vilivyofunikwa na mikeka iliyoachwa nusu, akawa anatikisa kichwa tu, anauliza hao watu wa kelele wako wapi.

Tukafika karibu na kijito, lilipo banda la mjomba. Na humo ndani, niaminini, tukasikia tezo. Ko, ko, ko, polepole, kama mtu asiye na haraka.

Mngewaza nini nyinyi? Mimi niliwaza mtani, na ngojeni niwaambie kwa nini. Ukoo wetu una watani wake Gairo, Wakaguru, na mtani msibani hana mwiko. Anavaa nguo za marehemu, anachechemea kama marehemu, anajipaka majivu, anawadai wafiwa hiki na hiki, na wao wanamtukana wanacheka, uchungu unapungua. Ni kazi yake, na asipokuja mazishi yanakuwa kama hayakukamilika. Tulikuwa tumempelekea habari na tulimtazamia siku ile ile. Tena wetu alikuwa hodari. Alipomwiga bibi yangu kwenye matanga yake, watoto walilia wakamkimbilia wakidhani bibi amerudi. Basi nikajua keshafika, na kwa ukorofi wake ameanzia bandani kuvunja miiko.

Nikamwambia Mdachi angojee mlangoni, nikaingia. Alikuwa amekaa kwenye kigoda cha mjomba, amenipa mgongo. Amevaa kizibao cha mjomba, kile chekundu kilichopauka, na kofia yake imeshuka usoni. Shavu lililoonekana lilikuwa jeupe kwa majivu, au kwa vumbi la mbao, sikuchunguza. Mguu mbovu ameunyoosha mbele kama mjomba alivyokuwa akiunyoosha. Nikacheka kwa sauti.

“Umeniletea mgeni na mimi sijaoga,” akasema bila kugeuka. Sauti ni ya mjomba kabisa. Nikasema moyoni, huyu Mkaguru ana kipaji.

Nikamjibu kama anavyojibiwa mtani. Nikamwambia maiti haogi mara mbili, arudi alikotoka, wafu hawachongi, na kama ana njaa aende akale udongo. Akachekea puani, akaendelea kuchimba. Nikaona tezo inashuka pale pale inapotakiwa kushuka, na nikashangaa kidogo, maana mtani kazi yake ni mdomo.

Halafu akasimamisha mkono.

“Jina langu utalibeba, au utaliacha njiani?”

Swali lile lile lililokuwa likininyima usingizi. Lakini lilitoka kwa mtani, na mtani huahidiwa chochote, ng'ombe, mke, mlima mzima, kesho kila mtu anasahau. Nikasema kwa kicheko, “Nitalibeba, mzee. Wewe lala.”

“Nipe mkono.”

Akaurudisha mkono nyuma bila kugeuka, nikaushika. Mjomba alikatwa kidole gumba na tezo ujanani, kikabaki kipande. Katika mkono ule nilisikia vidole vinne na kipande. Nikajua mtani amekunja gumba. Hata hilo hakulisahau, nikasema, na nikatoka nimefurahi, mara ya kwanza tangu mazishi.

Pale mlangoni Mdachi alikuwa amevua kofia. Kwa Kiswahili chake cha kuvunjika akaniuliza kwa nini ninamcheka mzee anayefanya kazi. Nikamweleza kuwa si mzee, ni mchezo wa kwetu. Akanitazama kama mtu asiyeridhika, akaenda zake stesheni kupanga mizigo, akinisisitiza nisichelewe asubuhi.

Nikaenda msibani. Nikamwambia mke wa mjomba kuwa mtani amefika, yuko bandani anagonga tezo, tena kavaa kizibao cha marehemu. Akasema hajafika mtu. Nikamwambia labda alipitia nyuma. Akafungua pindo la kanga yake, akanionyesha ufunguo. Kizibao na kofia alikuwa amevikunja mwenyewe siku ya mazishi akavifungia sandukuni, na ufunguo haujatoka kwake. Nikacheka, nikasema basi kaleta kizibao kingine. Sikutaka kuwaza zaidi ya hapo.

Jua likiwa linazama tukasikia mtu anaangua kilio cha uongo tangu barabarani, anatutukana wote kwa majina. Mtani. Vumbi la Gairo mpaka kwenye nyusi, na fimbo mkononi. Kabla hajanywa maji akadai nguo za marehemu avae. Mke wa mjomba akanitazama mimi. Akalifungua sanduku mbele yetu.

Nguo zilikuwa zimekunjwa vizuri. Mtani akakikung'uta kizibao, vikaanguka chini vibanzi vya mbao, vibichi, vinanukia.

Tulikwenda bandani sote watatu na taa. Lile gogo lililoachwa nusu lilikuwa limechimbwa lote, ndani laini, ukipitisha kiganja hakikwaruzwi. Lilikuwa limebaki kuwambwa ngozi tu. Nikakaa chini. Nilikuwa nimemshika mkono mjomba wangu baada ya kumzika, nikamwambia akale udongo, na sikumpa hata shikamoo.

Mtani akavua kofia yake. Mtani asiyetania msibani mmewahi kumwona? Mimi nilimwona usiku ule, na ndilo lililonitisha kuliko gogo.

“Ulimwahidi nini?” akaniuliza.

Nikamwambia.

Akasema, “Ningekuwa mimi ningekusamehe. Huyo uliyempa neno hana utani na wewe.”

Asubuhi gari lilipiga honi nikiwa nimekaa kwenye mkeka katikati ya ukoo, kichwa kimefungwa kitambaa cheupe, naulizwa swali lile lile kwa mara ya pili. Nilijibu vile vile, ila sikucheka. Nililia, na watu wakadhani namlilia mjomba tu. Ngoma ile niliiwamba mwenyewe na ilipigwa miaka mingi. Bahari sijaiona mpaka leo. Wanaonijua kwa jina hili wanajua lilikuwa la nani kabla yangu.

Kila siku nikifika mlangoni mwa banda, tupu au si tupu, nasema shikamoo kabla sijaingia. Wajukuu wananicheka. Sijaitikiwa bado, na namwomba Mungu nisiitikiwe, ingawa siku nyingine, kusema kweli, natega sikio.

Nanyi mnaopenda mizaha, tanianeni tu, ndio dawa ya msiba. Lakini mtu akikuomba neno bandani mwa marehemu, mwambie kwanza ageuke umwone uso. Mimi sikumwambia.