Mpagazi Aliyeshuka Nyandarua

Mwishoni mwa miaka ya hamsini, nikingoja basi la Nakuru pale Naivasha, lori lilisimama likashusha wazungu wenye buti za matope. Walikuwa wametembea siku kadhaa kwenye milima ya Nyandarua, kwa kujifurahisha tu. Nyuma yao alishuka mpagazi wao, mtu wa makamo, mabega yamechubuliwa na kamba za mizigo.

Mkewe alikuwa amekaa karibu nami tangu asubuhi. Alimwendea, akamshika uso kwa mikono miwili, akamgeuza huku na huku. Vita vya msituni vilikuwa vimeisha juzi tu, na kaka yake mama huyo, aliniambia, aliingia msitu wa milima ile asirudi.

"Hawa walipoteza nini huko?" alimuuliza mumewe.

"Hakuna. Walienda kuona."

"Kuona nini?"

"Mlima."

Mama yule alicheka mpaka akafuta machozi kwa leso. Mumewe hakucheka.

"Asubuhi moja ukungu uliondoka," alisema polepole. "Nikaweka mzigo chini. Nikaona ziwa lote, mpaka moshi wa kwetu. Nikatamani ungekuwa hapo, mama watoto."

Mama alikunja leso. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Huko kaka alikobaki ni kuzuri kweli?"

"Ni kuzuri sana."

Mama alimvuta mkono, wakaketi kando yangu.

"Basi niambie yote. Usiruke kitu."

Basi langu lilikuja, likaondoka. Na mimi nilitaka kusikia.