Mkia wa Herufi Y

Mama Brashi, mchora mabango, alikuwa na y yenye mkia uliopinda kama wa paka aliyeshiba. Binti yake alipozigeuza herufi zake zote kuwa za kompyuta, alitaka kuunyoosha mkia huo.

"Thubutu!" Mama Brashi aling'aka. "Bango langu la kwanza, baba yako alinishikia ngazi. Akacheka, ngazi ikayumba, mkono ukateleza, mkia ukapinda. Mwenye duka akaupenda, nami nikauchora hivyo hivyo hadi leo."

Sasa wachapaji wanazitumia herufi hizo, na y ile imeenea mjini: mifuko ya mikate, kadi za harusi, hata mlango wa daktari wa meno. Mumewe kila akiiona hujigamba, "Kazi yangu hiyo!"

"Wewe ulishika ngazi tu."

"Ningeishika vizuri, nani angekujua?"